Ondoa Hewa, Nasambu

Jumamosi asubuhi Wabwile alifika kwa jirani yake Khaemba akiwa na jiwe mkononi, na wala hakubisha hodi. Alisimama katikati ya uwanja, akaliinua lile jiwe juu kama mtu anayenadi parachichi siku ya soko pale Ndalu.

"Jairus! Nimekuletea jiwe lako."

Jairus Khaemba alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa uji. Alilitazama jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida tu, la kujaza kiganja.

"Langu kivipi? Limeandikwa jina?"

"Limevunja sola yangu! Jana alasiri ulikuwa hapo kwa ua unatupia tumbili mawe, mke wangu alikuona. Leo asubuhi nimepanda juu ya nyumba, nimelikuta limekaa kwa kioo ya sola, na kioo yote imepasuka."

Mtu mwenye akili zake timamu angekana papo hapo. Nyumba ya Wabwile ilikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya mteremko wa pili, mbali kiasi kwamba ukitaka kumwita mtu wa kule ni lazima uweke mikono mdomoni na upige kelele mara mbili. Lakini Khaemba hakukana. Kitu cha kwanza kilichompita kifuani, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha. Aligeuka akautazama ule umbali, toka ua wake hadi mabati ya Wabwile yanayometa kule, akatikisa kichwa polepole kwa heshima. Heshima hiyo alikuwa anajipa mwenyewe.

"Lilifika mpaka kwako?"

"Si unaliona?"

"Juu ya paa kabisa?"

"Katikati ya paa!"

"Ala!" akasema Khaemba, na tabasamu likamponyoka.

Mkewe Nanyama alikuwa anatoka zizini na ndoo. Aliliona lile tabasamu, akaiweka ndoo chini. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka ya kutosha kujua kwamba hapo ndipo wamekwisha.

"Baba Nasambu," alisema kwa sauti ya chini, "funga mdomo."

Lakini Wabwile alishaona alichotaka kuona. "Umeona, Mama Nasambu? Hata anacheka! Basi mimi sina maneno mengi. Sola ni mali. Nitachukua mtamba wenu."

Nanyama alishika kiuno. Mtamba huyo aliitwa Tulia, wa gredi, aina ya maziwa mengi, mwenye mimba ya miezi saba, na hapo nyumbani hapakuwa na mali nyingine ya kuitwa mali. Nanyama alimpata akiwa ndama kwa kikundi cha akina mama cha kanisa baada ya kuchangia miaka mitatu, akamlea kwa majani ya kukata kwa mkono kandokando ya barabara, akimwambia kila siku atulie, atulie, hadi likawa jina lake.

"Umchukue Tulia?" alisema. "Labda uanze na mimi."

* * *

Ubaya ni kwamba kijiji kizima kilikuwa upande wa Wabwile. Ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Atlanta, na televisheni ilikuwa moja tu katika miteremko yote ile, ya Wabwile, na ilikula betri iliyokula sola. Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo watu walijazana sebuleni kwake, wengine wamening'inia madirishani, kuangalia vijana wa Kenya wakiruka viunzi na maji. Ilipobaki mizunguko miwili picha ikaanza kujikunja kandokando, ikawa nyembamba, ikazimika. Wakabaki gizani wanapumua. Walijua mshindi asubuhi kwa redio, na kujua si kuona. Kwa hivyo iliposemekana kwamba ni Khaemba aliyevunja sola, hata mashemeji zake walimsalimia kwa shingo upande.

Tena hakuna aliyetilia shaka kwamba angeweza. Nani angetilia shaka? Si yeye mwenyewe aliyewaambia? Katika kila harusi, kila matanga, kila chungu cha busaa kutoka Ndalu mpaka Kimilili, Khaemba alisimulia jinsi alivyomuua mbweha mwaka wa ukame, mwaka wa themanini na nne. Mbweha alikuwa ng'ambo ya kijito, juu kule kwenye mteremko wa Wabwile, ameshika kuku mdomoni. Khaemba akaokota jiwe moja. Moja tu! Akalipima, akalirusha, na mbweha akalala chini na kuku akaamka. Watu walikuwa wanaijua hadithi hiyo kiasi kwamba akifika kwa kuku walimalizia wao.

Naibu wa chifu, Bwana Kimutai, alikuwa kijana mwenye kofia mpya na hamu ya kufanya mambo kwa utaratibu. Jumapili baada ya kanisa aliwakusanya watu uwanjani kwa Khaemba, akaamua jambo lililoonekana la maana.

"Mzee arushe," alisema. "Likifika, tutajua. Lisipofika, tutajua pia."

Nanyama alimvuta mumewe kando. "Sikia. Urushe kidogo. Hapo karibu tu. Ukinionyesha ubingwa leo, nitahama na Tulia, nikuache na mkono wako."

Khaemba akaitikia kwa kichwa. Akapewa jiwe linalofanana na lile. Akakunja mkono wa shati. Watoto wakarudishwa nyuma na mama zao. Na hapo, mbele ya macho yote yale yaliyomngojea, Khaemba akasahau Tulia, akasahau kila kitu. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akalirusha jiwe kwa nguvu zake zote, nguvu za mgongo, za mapaja, na nyingine ambazo hakujua kama alikuwa nazo, hadi kitu kikalia ndani ya bega.

Jiwe likapaa. Likainama. Likaanguka kwenye shamba la nduma, upande huu wa kijito, likafanya *chubwi* kwenye matope.

Khaemba alisimama akitazama pale lilipoangukia. Hakuamini.

Na hakuna mwingine aliyeamini.

"Anajifanya!" Wabwile alipiga kelele. "Bwana Asistanti, mnaona mchezo huu? Mtu akiambiwa akirusha mbali anapoteza ng'ombe, si atarusha karibu?"

"Khaemba tunamjua," alisema mzee mmoja wa kanisa kwa masikitiko. "Huyo si Khaemba. Amejilegeza."

"Ati nduma! Hata mimi na goti langu nafikisha nduma!"

Jioni Nanyama alimwekea mumewe nyama, jambo ambalo halikuwa la Jumapili ya kawaida. "Leo umenishangaza," alisema, na alikuwa na furaha ya kweli. "Vile ulikimbia, vile ulikunja uso, mtu angesema unarusha kwelikweli. Sikujua unaweza kuigiza hivyo."

Khaemba alitafuna nyama kwa upande mmoja. Bega lilikuwa linamwaka moto. "Ni ufundi tu," alisema, akaomba chumvi.

* * *

Binti yao Nasambu alifundisha katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Kitale, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Habari zilimfikia Jumatatu, na Jumanne alikuwa Ndalu. Hakuanza kwa kulia wala kwa kuuliza nani ana makosa. Aliomba kamba ya katani, akamsimamisha mama yake kwenye ua wao, akavuka kijito na ile kamba hadi ukutani kwa Wabwile, akarudi amelowa magoti. Mita mia moja na hamsini. Kisha akataka kulipima uzito lile jiwe. Wabwile alikataa kuliachilia kwa kuwa ni ushahidi, kwa hivyo alilisindikiza yeye mwenyewe hadi buchani, akalisimamia kwenye mizani baina ya maini na mbavu, akarudi nalo mfukoni.

"Unataka kufanya nini na hayo yote?" Khaemba alimuuliza bintiye.

"Nataka kulirusha jiwe lako ndani ya kompyuta, Baba. Humo hakuna mtu atasema umejilegeza."

Alhamisi wakaenda pamoja. Mwenye chuo, Madam Cherono, aliwaruhusu watumie mashine saa ya chakula, mradi mzee asiguse kitu. Khaemba akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, kofia mapajani. Skrini ilikuwa nyeusi na maandishi ya kijani kibichi, imegawanywa vyumba vyumba vidogo, safu kwa safu, kama trei ya mayai.

"Hii inaitwa Lotus," Nasambu alisema. "Wanafunzi wanafanyia hesabu za mishahara. Sisi tutafanyia jiwe. Angalia. Kila mstari ni kipande kidogo cha sekunde. Chumba hiki kinasema jiwe limeenda mbele kiasi gani. Hiki, limepanda juu kiasi gani. Hivi viwili, mwendo limebaki nao, wa mbele na wa juu. Na mstari wa chini unapata habari zake kwa mstari ulio juu yake, unaongeza kidogo, unapitisha chini."

"Kama umbea," alisema Khaemba.

Nasambu alicheka. "Kama umbea, lakini huu hauongezi chumvi."

"Na mkono? Umeweka mkono wa nani?"

"Hapo ndipo nimefikiria. Nikiweka mkono wako, Wabwile atasema nimeupunguza. Kwa hivyo nimeweka mkono wa watu wanaorusha mpira kule ng'ambo, wale ambao ni kazi yao, wanaolipwa. Jiwe linatoka mkononi likienda mita arobaini kwa sekunde moja. Zaidi ya hapo hakuna binadamu."

Khaemba alilifikiria jambo hilo kwa uzito. "Ni sawa," alisema. "Hapo umekadiria vizuri."

Nasambu akabonyeza vitufe, na mistari ikajaa yenyewe kwenda chini, namba juu ya namba, haraka kuliko jicho. Kisha akabonyeza tena, na namba zikageuka mchoro, nukta zilizopanda taratibu upande huu, zikafika kileleni, zikateremka upande ule, kilima kilicholingana pande zote mbili. Mwisho wake kulikuwa na namba.

"Mia moja na sitini na tatu," Nasambu alisoma.

"Na kwa Wabwile ni mia na hamsini."

"Ndiyo."

"Limempita!" Khaemba aliruka kitini na kofia ikaanguka. "Limempita Wabwile na mita kumi na tatu! Nilisema! Nasambu, mama, hiyo ndiyo utoe kwa karatasi. Toa mbili. Moja nitaiweka ukutani."

"Baba, kaa. Hiyo ndiyo inakufunga."

"Inanifunga vipi na imenipa haki yangu?"

"Kwa sababu hiyo sijaweka hewa. Hapo jiwe linapita mahali hakuna kitu, hakuna upepo, hakuna chochote, kama mwezini. Sasa ngoja." Aliongeza safu nyingine pembeni, akaandika kwa makini, huku akieleza. Hewa inalisukuma jiwe nyuma, alisema, na kadiri jiwe linavyokimbia ndivyo inavyolisukuma vibaya zaidi. Mwendo ukiwa mara mbili, hewa inazuia mara nne. Kwa hivyo kila mstari ulipokabidhi habari kwa mstari wa chini, ulikuwa umekatwa kidogo. Namba zikamiminika tena, na mchoro mpya ukatokea. Ulipanda vizuri kama wa kwanza. Lakini ulipofika kileleni ulikuwa umechoka, na upande wa pili ukateremka wima, kama mlevi anayetoka Chwele usiku wa soko.

"Mia moja na ishirini na tano," Nasambu alisema, akaachia pumzi. "Halifiki. Hata bingwa hafikishi, Baba. Linaanguka kwenye migomba ya Wabwile, hata ng'ombe wake halimfikii. Tumeokoka!"

Khaemba aliutazama ule mchoro. Alitazama pale nukta ya mwisho ilipoanguka, na uso wake ukaanguka nayo.

"Ondoa hewa, Nasambu," alisema.

"Baba!"

"Kidogo tu. Punguza. Ndalu iko juu, huku hewa si nyingi."

"Ya Ndalu ndiyo hiyo nimeweka. Nikiondoa hewa, Tulia anaondoka. Unamjua Mama."

Kutoka dukani chini harufu ya dawa ya mahindi ilikuwa inapanda ngazi. Baada ya muda Nasambu alimgeukia, akasema polepole, bila kumtazama usoni, "Ile siku ya Jumapili, mbele ya Asistanti. Ulirusha kwa nguvu zote?"

Khaemba akaokota kofia yake sakafuni, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Nasambu alifuta ile arobaini, akaandika thelathini, akatazama. Akaandika ishirini na tano. Akapunguza, akapunguza, hadi kile kilima kikawa kichuguu, na nukta ya mwisho ikaangukia mahali ambapo Khaemba alipajua vizuri sana, penye nduma. Namba iliyobaki kwenye chumba cha juu ndiyo iliyokuwa mkono wake. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na alikuwa hajawahi kuuona umeandikwa.

"Futa hiyo," alisema kwa sauti ndogo.

Akaifuta. Akarudisha arobaini, akatoa karatasi kwa printa, ambayo ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, wakashuka ngazi kwenda steji ya matatu.

* * *

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana Jumamosi hakuna kanisa na kwa Wabwile hapakuwa na televisheni. Tulia alikuwa amefungwa karibu na ua, kwa amri ya Bwana Kimutai, ili atakayeshinda aondoke naye moja kwa moja. Nanyama alisimama ubavuni mwake na kamba mkononi, akiwa ameizungusha kwenye kiganja mara tatu.

Nasambu alikunjua karatasi yake ndefu yenye matundu kandokando. Alieleza mkono wa bingwa, kamba ya katani na mizani ya buchani. Mpaka hapo wakamfuata vizuri. Alipofika kwa hewa, pakawa na manung'uniko.

"Hiyo hewa iko wapi?" aliuliza mzee wa kanisa. "Mimi siioni."

Nasambu alichukua karatasi mbili sawasawa, moja akaifinyanga ikawa donge, akaziachilia pamoja. Donge likashuka moja kwa moja. Ile nyingine ikayumbayumba, ikaenda kutua miguuni kwa Wabwile.

"Aah," watu wakasema.

"Lakini jiwe si karatasi, bana!" Wabwile akasema.

"Ndiyo maana jiwe limepotezewa mita chini ya arobaini tu," Nasambu akajibu. "Karatasi ingepoteza zote."

Bwana Kimutai aliipindua ile karatasi, akaitazama juu chini na chini juu, akaonekana kuridhika kwamba ilikuwa ndefu. "Basi kompyuta imesema hakuna binadamu anaweza," alianza.

"Asistanti, ngoja!" Wabwile alijitokeza mbele, na macho yake yalikuwa yanacheka. Hoja hii alikuwa ameitunza. "Kompyuta inasema hakuna binadamu anaweza. Lakini yuko mmoja alishaweza. Si alimuua mbweha kule kwangu? Hapa nani hajasikia? Inueni mikono, mtu ambaye hajasikia ile ya mbweha!"

Hakuna mkono ulioinuka. Hata mtoto mmoja aliyekuwa ameanza kuinua wake alishushwa na nyanya yake.

"Basi kompyuta ni mwongo," Wabwile akasema, "ama Jairus ni mwongo. Mimi nitakubali chochote. Achague."

Bwana Kimutai akajikuna shingo. Serikali haikuwa imemwandalia jibu la jambo hilo. "Mzee Khaemba," alisema, "yule mbweha alikuwa wapi hasa?"

Khaemba aliwatazama watu aliowalisha hadithi ile miaka yote, nyuso zilizokuwa zikimngojea afike kwa kuku. Kisha akamtazama Nanyama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameweka shavu lake kwenye shingo ya Tulia na kufumba macho.

"Alikuwa ng'ambo," Khaemba alisema, akakohoa. "Lakini si juu sana. Karibu na maji."

"Karibu na maji!" Wabwile akarukia. "Krismasi ulisema alikuwa mlangoni kwangu!"

"Upande gani wa maji, Mzee?" Bwana Kimutai akauliza, kalamu mkononi.

"Alikuwa anavuka."

"Anaenda ama anakuja?"

"Alikuwa ameshavuka."

Kicheko kikaanza kule nyuma. "Teremsha tena!" mtu akaita, kama ni bei ya viazi.

"Kwenye nduma?"

"Juu ya nduma kidogo."

"Kwa ua?"

"Ndani ya ua."

"Teremsha, Mzee! Bado ni ghali!"

Jasho lilikuwa linamtiririka Khaemba kwenye masikio. Akavua kofia. "Alikuwa mlangoni kwa kibanda cha kuku," alisema, na sasa alikuwa anasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Hapo, penye kile kigogo. Na si jiwe. Ilikuwa mchi. Na si mimi. Ni Mama Nasambu alimpiga na mchi wa kutwangia. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba, nimefunga mlango, nikasukumia na meza."

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega, walicheka wakakaa chini. Mzee wa kanisa alitoa miwani akafuta machozi. Na meza! Ati alisukumia na meza! Khaemba alisimama katikati ya kicheko hicho na kofia mikononi, akakiacha kimpige. Hakukimbia, na kwa hilo apewe sifa.

Bwana Kimutai alipoweza kuongea alisema serikali imeridhika na kompyuta. "Lakini jiwe halikuota huko juu," akaongeza. "Leteni ngazi."

Wakavuka kijito wote, kundi zima. Bwana Kimutai akapanda mwenyewe, kofia na yote. Antena ya Wabwile ilikuwa juu ya mlingoti uliochomekwa kwenye bomba pana la chuma, limesimama urefu wa mtu juu ya ile sola, na mlingoti umekazwa bombani kwa mawe ili usizunguke. Pande tatu palikuwa na jiwe. Upande wa nne palikuwa na pengo.

"Bwana Wabwile," sauti ilitoka juu, "hii antena uliigusa lini?"

"Ile Ijumaa asubuhi. Picha ilikuwa na chenga. Niliizungusha kidogo, ikae sawa kabla ya mbio, nikashuka."

"Nipatie ushahidi wako."

Jiwe likapandishwa kutoka mkono hadi mkono. Liliingia kwenye pengo bila kulazimishwa, na watu wakamgeukia Wabwile, ambaye ndiye aliyewakosesha mbio, yeye na wala si mwingine. Jioni hiyo hakuna aliyetamani kuwa Wabwile. Mkewe alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

* * *

Nanyama alimrudisha Tulia zizini mwenyewe, akamkatia majani mabichi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi jikoni Khaemba alikuwa amekoka moto, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu Nasambu azaliwe.

"Nimekuokolea ng'ombe wako," alisema kwa wasiwasi.

"Nimeona."

"Watanicheka mpaka nife."

"Watakucheka," Nanyama alikubali. Akakaa. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Khaemba hakukielewa, maana alitarajia shukrani, au matusi, na hakikuwa hiki wala kile. "Unajua tangu mwaka ule kila mgeni akija, mimi naenda kuleta chai? Nasikia kutoka jikoni. Unaokota jiwe, unalipima. Mimi nimeshika birika, wewe unamuua mbweha wangu."

Khaemba akasogeza kuni motoni.

"Mikono ilinitetemeka wiki nzima," Nanyama alisema. "Hukuwahi kuniuliza hata siku moja."

Kesho yake, baada ya kanisa, akina mama wa kikundi walikuja wote. Hawakuja kumwona Khaemba. Walimweka Nanyama katikati ya sebule, kwenye kiti cha mumewe, wakamwambia aanze mwanzo na asiruke kitu. Akaanza kwa aibu, akiangalia leso yake. Lakini walivyoshangilia, sauti ikapata nguvu. Mbweha akakua kidogo. Macho yake yakawa mekundu. Na alipofika penye mchi, Nanyama alisimama, akakunja mkono.

"Nilikuwa hapo kwa mlango wa jiko," alisema. "Sikumkaribia. Nilimlenga tu, nikaurusha. Ukapaa, mama yangu, ukapita juu ya kisima!"

"Wee! Ukapita kisima?"

"Uliza Baba Nasambu. Si alikuwa dirishani?"

Wote wakageuka. Khaemba alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai na trei ya vikombe. Alikumbuka vizuri sana. Nanyama alikuwa amemwinamia mbweha yule kiasi cha kusikia pumzi yake, akampiga mara nne, tano, analia, na damu ikamrukia kwenye nguo.

"Ulipita kisima," alisema Khaemba. "Mimi niliuona."

Akaingia, akaanza kumimina chai, na kikombe cha kwanza akampa mkewe.